Waulizeni Watu wa Lamu Walitawa Vipi

Picha za Lamu za mwaka 2020 si haba. Zipo za ufuo wa Shela usio na mtalii hata mmoja, za majahazi yaliyotia nanga mbele ya mji bila ya abiria wala shehena, na za watoto waliofunika pua kwa vipande vya leso. Nyingi zilipigwa haraka haraka na watu waliokuwa na kazi ya kutuma habari, nami sina ugomvi nazo. Lakini ukizitazama zote, mchana kutwa ukipenda, hutajua aliyepigwa picha alikuwa na wazo gani moyoni, usiku ule alikula nini, wala ni nani aliyemletea chakula hicho. Picha imebaki; sauti ya mwenye picha haipo.

Kwa muda sasa nimekuwa nikienda katika visiwa vya Lamu pamoja na wanafunzi wangu wa isimu, tukiwa na kamera moja na vinasa sauti, kuwahoji watu wa kawaida juu ya maisha yao wakati wa korona: manahodha, wavuvi, mafundi, mama wa nyumbani, walimu wa madrasa, wachukuzi wenye punda. Makala haya nawaandikia walimu wenzangu na wanafunzi, hasa wa shule za pwani, kwa sababu kazi hii haiwezi kumalizwa na chuo kikuu kimoja, na kwa sababu muda unakwenda. Baadhi ya wazee tuliowaendea kwa mara ya pili tuliambiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Tukumbushane kwanza yaliyopita, maana binadamu ni mwepesi wa kusahau siku za dhiki. Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa kufungwa. Machi 25 safari za ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na tangu Machi 27 ikawa ni kafyu nchi nzima, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Lamu haikutajwa katika orodha hiyo. Hata hivyo, atazamaye ramani ataona kwamba barabara itokayo Mombasa kwenda Lamu inaikata Kilifi, Malindi ikiwemo. Kwa hiyo bidhaa zilipita na watu hawakupita, na Mwamu aliyekuwa Mombasa kwa matibabu au kwa biashara alibaki huko huko hadi Julai. Misikiti ilifungwa. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, ikamalizika mwishoni mwa Mei bila ya tarawehe za jamaa msikitini. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021, na kafyu yenyewe, ingawa saa zake zilibadilishwa mara kadhaa, haikuondolewa mpaka Oktoba 20, 2021.

Fauka ya hayo, kwa watu wa Lamu amri ya kutotoka usiku haikuwa jambo geni. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, kaunti hii iliwekewa kafyu ya peke yake tangu Julai mwaka huo, na wavuvi wake wameonja kwa miaka marufuku ya kuvua usiku. Ndiyo maana baadhi ya wazee, ukiwauliza habari za kafyu, hukujibu kwa swali: ipi?

Nije sasa katika jambo lililonileta, nalo ni neno. Lugha ya matangazo ilitupa msamiati wake: kujitenga, karantini, barakoa, kutakasa mikono, Tanzania ikaongeza UVIKO-19. Katika mahojiano yetu nilifanya makusudi. Wahojiwa wengine niliwauliza kwa neno la matangazo, “Uliishi vipi wakati wa kujitenga?” Wengine niliwauliza kwa maneno mengine, ili nisikie tofauti. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Kujitenga, kwa Kiswahili kinachosemwa mitaa ya Langoni na Mkomani, si jambo la afya. Ni tabia, tena tabia mbaya. Aliyejitenga ni yule aliyewapa nduguze kisogo, asiyekwenda mazikoni, asiyeitikia salamu barazani. Mtengwa ni aliyetupwa na watu wake. Fundi mmoja wa kuchonga milango alinitazama kwa muda kisha akasema, “Mimi sikujitenga na mtu. Nilizuiwa.” Baada ya hapo majibu yake yote yakawa ndiyo na siyo. Neno la kwanza la swali lilikuwa limemweka kizimbani.

Wengine niliwauliza kama walitawa, na wakafungua milango. Neno hili vijana wengi wa bara wanalijua kwa sura ya mtawa, yaani sista au bruda wa Kanisa Katoliki. Asili ni moja: kukaa ndani kwa ajili ya ibada au kwa ajili ya heshima. Katika Lamu ya zamani mwanamke wa ukoo mkubwa alitawa. Hakuonekana njiani mchana, na akitoka alitoka ndani ya shiraa, kitambaa kipana kama hema ambacho watumwa wa kike walikishika kwa vijiti, naye akatembea katikati. Si desturi ninayoililia irudi, hasa nikikumbuka ni akina nani waliokuwa wakiishika hiyo shiraa. Lakini neno limebaki na staha yake. Anayesema “tulitawa” anasema tulikaa ndani bila ya kuvunjiwa heshima, na mtu akijiona hana la kujitetea atakusimulia mengi.

Wala kutawa si neno la pekee. Mjane yu katika eda. Mwenye kukaa msikitini siku za mwisho za Ramadhani yu katika itikafu. Maharusi wana fungate yao ya siku saba. Kila neno katika haya linataja kukaa ndani kwa namna yake: sababu yake, muda wake, nani aruhusiwa kuingia, na siku ya kutoka hufanywa nini. Karantini haisemi lolote kati ya hayo, isipokuwa kwamba kuna askari mlangoni. Barakoa nayo, tukiwa tumo katika maneno, ni mzee aliyerudi ujanani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza kuwa ni vazi la uso la wanawake, lenye kuacha macho wazi. Tulipoanza kuivaa sote, wanawake kwa wanaume, bibi mmoja wa Lamu aliwacheka wajukuu zake wa kiume kwa kuwa hatimaye na wao walikuwa wamejua joto lake.

Masimulizi yaliyonikaa zaidi ni ya mama mmoja ambaye mumewe alifariki Aprili 2020, kwa maradhi ya siku nyingi ambayo hayakuwa korona. Marehemu alizikwa na watu wachache, jioni, kwa haraka, ili waliomsindikiza wawahi majumbani kabla ya saa moja. Katika desturi za Lamu mjane akikaa eda, miezi minne na siku kumi, yeye hatoki lakini watu huingia. Majirani huja na chakula, wanawake humsomea, watoto hutumwa dukani kwa niaba yake, na habari za mji humfikia kabla hazijapoa. Kutotoka kwake kunawezekana kwa sababu wenziwe wanaingia. Mwaka ule hawakuingia, au waliingia wawili watatu na kusimama karibu na mlango. “Nalikuwa edani,” alisema, “ulimwengu ukaniandama.” Alilisema kwa kucheka, nami sikujua kama inanipasa kucheka pia. Halafu akaeleza kwamba eda yake ilipokwisha, mwezi wa Agosti, watu walikuwa wameanza kutoka, lakini wale wa mtaa wake walikuwa wamekwisha kuzoea kutokuja. Huo ndio anaouita msiba wake wa pili. Hakuna tarakimu ya Wizara ya Afya inayoweza kuutaja msiba huo, wala picha ya mlango wake uliofungwa, ingekuwa nzuri namna gani, isingeusema.

Kuna jambo jingine tulilolisikia kwa wanawake kadhaa, nalo linageuza dhana tuliyokwenda nayo. Tulidhani waliobanwa zaidi ni wao. Wao wanasema waliobanwa ni wanaume. Maisha ya mwanamume wa mji huu yako nje: msikitini, katika daka la nyumba, barazani baada ya sala ya alasiri, gatini kungoja mashua. Vyote hivyo vilifungwa au viliangaliwa na polisi. Lakini nyumba za mawe za Lamu zina njia nyingine. Lipo wikio, daraja la ghorofani linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, ambalo kwalo mwanamke huweza kwenda kwa jamaa zake bila ya kushuka njiani. Yapo pia madari yaliyopakana. Kwa njia hizo, wanasema, bakuli za uji, mahamri na habari ziliendelea kupita baada ya saa moja usiku, huku polisi wakipita chini. Waliojenga wikio hawakuwaza korona hata kidogo. Mume mmoja aliyekuwa akisikiliza mahojiano ya mkewe alikiri kwamba ilimchukua wiki tatu kujifunza kukaa katika nyumba yake mwenyewe.

Nisije nikaeleweka kwamba hiyo ni hadithi ya mawe na mapishi tu. Si kila mtu wa Lamu ana nyumba ya mawe. Kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920 kwa hesabu ya mwaka 2019, na wengi wao wako bara au katika vijiji vya kisiwa cha Pate na kwingineko, ambako nyumba ni za makuti au mabati. Kizingitini na Faza, ambako bahari ndiyo shamba, kamba mawe walikosa mnunuzi pale hoteli zilipofungwa na ndege kusimama. Mzamiaji mmoja alitueleza namna alivyowafuga kamba wake hai katika tenga lililozamishwa majini, akingoja bei, mpaka akawala yeye na watoto wake. Chakula cha mabwana wakubwa, alisema, na siku hiyo hawakuwa na hata unga wa kulia. Yeye ndiye aliyetupa maneno ambayo wanafunzi wangu wameyaandika ukutani katika chumba chetu cha kazi: “Ndaa haiyui korona.”

Kamera nayo ina hoja zake. Kiamu husema kupija picha. Wanafunzi hupenda kuniambia kwamba kitenzi hiki kinaonyesha jeuri ya mpigaji kwa mpigwaji. Huwa nawakumbusha kwamba tunapiga pia pasi, simu, mswaki na hodi, wala hakuna anayeumia. Jeuri, ikiwapo, imo katika kutoomba ruhusa. Tena Lamu si mji uliokuwa ukingoja kufundishwa kamera. Marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake hapa, akiunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa ufundi wake mwenyewe, na kazi zake zimeandikwa katika vitabu vya historia ya upigaji picha barani Afrika. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya upigaji picha katika pwani yetu, ameeleza vizuri namna watu wa hapa walivyoipenda picha na kuiwekea mipaka kwa wakati mmoja, hasa picha ya mwanamke. Mpaka huo bado upo, nasi tumeukuta kila siku.

Wanawake wengi tuliowahoji walikataa kupigwa picha ya uso. Hatukuwabembeleza. Mmoja alitupa mikono yake, ikiwa juu ya jamvi alilolisuka siku za kafyu. Mwingine alitaka ipigwe sinia ya shaba ambayo kwa Ramadhani nzima ilikaa kabatini, kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa kufuturishwa. Mwingine hakutaka chochote kipigwe, na katika faili lake ipo sauti tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kukusanya habari za mtu amwambie kwa nini anazikusanya, na inampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa yake hata baada ya kuitoa. Watu wa Lamu walikuwa na neno la jambo hilo kabla Bunge halijakaa: sitara. Mwalimu atakayewatuma wanafunzi wake na simu za kamera bila ya kuwaeleza maana ya sitara atakuwa amewatuma kuiba.

Na hapo ndipo niseme lililo muhimu kuhusu picha. Mwaka 2020 jumba la National Portrait Gallery la London liliwaalika wananchi wa Uingereza wapeleke picha walizozipiga wenyewe katika siku za kufungiwa. Zilifika zaidi ya 31,000, na 100 zikachaguliwa. Wazo hilo ni zuri kuliko la sisi kufika baada ya miaka na kumwomba mtu asimame dirishani aonekane kama aliyefungiwa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni mchezo wa kuigiza. Tulipoanza kuwauliza watu, “Na wewe mwenyewe ulipiga picha gani wakati ule?” simu zilitoka mifukoni. Tukaona baba akisalisha tarawehe juu ya dari, nyuma yake wana wawili na mtoto wa jirani. Tukaona punda amelala katikati ya Usita wa Mui saa za mchana, njia ambayo kwa kawaida huwezi kupita bila ya kugongana bega. Tukaona daftari la binti wa darasa la nane ambaye alikuwa akinakili masomo ya redioni, na pambizoni ameandika idadi ya siku. Kila picha ilikuja na masimulizi yake bila ya kuulizwa, kwa sababu mpigaji alikuwa na lake la kusema tangu mwanzo. Lakini simu huanguka baharini, huuzwa, hufa. Katika kila nyumba tuliyoingia tuliambiwa habari ya picha ambazo hazipo tena.

Haraka yangu ina sababu. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ilikishika kisiwa cha Lamu. Watafiti waliopima damu za watu mwezi Oktoba mwaka ule walikadiria kwamba wakazi watatu katika kila wanne, kiasi cha watu 13,500, walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ukafika Visiwa vya Ngazija, ukaendelea hadi Réunion na Bara Hindi. Jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, na liliingia katika vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Kwa hiyo mgonjwa fulani wa Kimakonde, ambaye jina lake halikuandikwa, aliupa ulimwengu neno. Kisiwa chetu kilitoa damu, ikapimwa na kuhesabiwa. Masimulizi hayakuwa sehemu ya kazi ile. Waliokuwa watu wazima wakati huo husema leo, kwa mkato, “tuliumwa viungo”, kisha wakahamia jambo jingine.

Linganisheni na daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19. Kitabu chake juu ya kipindupindu, kilichotoka mwaka 1876, kinafuata njia ya ugonjwa kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani na hatimaye Unguja mwaka 1869, na njia hiyo aliijua kwa sababu aliwauliza wafanyabiashara na wasafiri walioiona. Alikuwa na dhana za wakati wake, tena nyingine ni za kuudhi. Lakini aliuliza.

Mwisho ni jambo la kuandika yaliyosemwa, ambalo walimu wa Kiswahili watanilaumu kwalo. Mwanafunzi wangu mmoja, hodari, alinakili maneno ya yule mzamiaji hivi: “Njaa haijui korona.” Kwa mtihani wa shule hiyo ni sahihi. Kwa kumbukumbu si sahihi, kwa kuwa hakuna aliyeyasema maneno hayo. Kiamu kina nd pale Kiswahili sanifu kina nj, kama katika ndaa, ndia na ndoo. Kina t pale sanifu kina ch, kama katika nti, kitwa na mato. Na kina y, au hakina kitu, pale sanifu kina j, kama katika moya, yuwa na mai. Sheria hizi hujifunzwa kwa asubuhi moja. Lahaja hii ilibeba ushairi wa pwani kwa karne nyingi kabla ya kamati za lugha kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, na hadi leo Ustadhi Mahmoud Mau, mshairi na imamu wa mji huu, hutunga kwayo mausia juu ya mambo ya kila siku. Ikiwa inafaa kwa wasia, inafaa kwa kueleza bei ya unga mwaka 2020. Mwalimu na amwambie mwanafunzi: andika ulichosikia kwanza, tafsiri ya sanifu iwe pembeni.

Kuhusu mahali pa kuziweka sauti na picha hizi, tumekubaliana na wenyeji kwamba nakala ya kwanza ibaki Lamu, ya chuo iwe ya pili. Lakini limezuka shauri ambalo bado hatujalimaliza. Wazee wanataka masimulizi yote yawekwe pamoja, yasikilizwe barazani, vijana wapate kujua. Wanawake waliotuambia habari za wikio na za eda wamesema, kwa upole na bila ya kutetereka, kwamba hawakutuambia sisi ili wasikilizwe barazani. Kwa sasa sauti zao zimo katika kisanduku cha peke yake, na ufunguo uko kwa mwalimu mmoja wa kike wa hapo mjini, ambaye wao wenyewe walimchagua.